Panya Mweupe wa Ghalani

Wahenga hawakutuamuru tumpende kila mtu. Walijua kwamba duniani wamo watu wenye maneno ya pilipili na sura ya ndimu, ambao ukikutana nao asubuhi siku yako nzima imeingia nyongo. Ukishindwa kuwapenda hao, hakuna atakayekushitaki. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hata adui yako huna ruhusa ya kumnyima, kwa kuwa si mali yako hata uchague kumpa au kumnyima. Yaliyotokea siku moja katika kituo kimoja cha utafiti wa dawa yanatosha kuwa ushahidi.

Kituo hicho kilikuwa na majengo matatu ya matofali, na la nyuma kabisa lilikuwa la panya. Humo, katika vizimba vya chuma vilivyopangwa safu juu ya safu, waliishi panya mia tatu na arobaini, wote weupe pepe, wenye macho mekundu kama punje za komamanga. Baadhi yao walikuwa wametiwa vijidudu vya homa kali ili dawa mpya ijaribiwe kwao. Mtunzaji wao alikuwa mwanamume wa makamo ambaye jina lake la cheti lilikwisha kusahaulika. Watu wote walimwita Kanuni, kwa sababu hapakuwa na neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko hilo. Ukisahau kufuta miguu mlangoni, kanuni. Ukicheka karibu na vizimba, kanuni.

Mwanamke aliyepima damu za panya hao naye alibandikwa jina la Hadubini, maana kutwa nzima jicho lake lilikuwa kwenye kioo cha hadubini. Yeye na Kanuni waliishi kama paka na panya, na haikuwa bure. Miaka miwili nyuma, mama mzazi wa Hadubini alipokuwa mahututi, Hadubini alimwendea Kanuni akamsihi amshikie zamu kwa saa mbili tu, akamwone mama yake. Kanuni alitikisa kichwa.

"Kibali unacho?"

"Sina. Mkurugenzi amesafiri. Nani atanipa?"

"Basi subiri zamu iishe. Kanuni ni kanuni."

Hadubini alisubiri. Alipofika nyumbani jioni alikuta viatu vingi mlangoni, akajua kabla hajaambiwa. Tangu siku ile hakuitikia tena salamu ya mtu yule.

Basi asubuhi moja, yapata saa nne, walinzi wawili wa ghala la nafaka lililopakana na kituo waliingia langoni na ndoo ya plastiki. Ndani ya ndoo, juu ya kipande cha gunia, alilala panya mfu, mweupe kama pamba. Nyuma yao walikuja wapakuzi, wasukuma mikokoteni na wanawake wa kushona magunia. Hawakupiga kelele. Walisimama tu nje ya lango, na idadi yao ikazidi kuongezeka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia, binti wa miaka mitano wa mshona magunia mmoja alilala ghalani juu ya magunia matupu akimngoja mama yake, akaumwa kidole na panya. Mtoto alisema panya huyo alikuwa mweupe. Watu wakamcheka wakidhani anaota. Siku nne baadaye homa ikamshika, viungo vikamvimba, akalazwa. Asubuhi hiyo mtego uliotegwa pembeni ya magunia ukamnasa panya, naye kweli alikuwa mweupe. Hapo hakuna aliyecheka tena. Panya weupe walitoka wapi, kama si kwa wale wataalamu wa jirani wanaofuga maradhi?

Hadubini aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Alimkuta Kanuni amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, na askari wa lango kando yake. Ndoo ilikuwa sakafuni.

"Panya wangu wote wapo," Kanuni alikuwa akisema. "Nendeni mkahesabu."

"Aliyewahesabu ni nani?" mkurugenzi aliuliza.

"Mimi."

"Basi hapo umesema nini?"

Mkurugenzi alikuwa mtu wa mafaili, si mtu wa panya. Alikwenda dirishani, akatazama lango, akarudi na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Iliandikwa kwamba panya mweupe aliyepatikana ghalani alitoroka kituoni kwa uzembe wa mtunzaji, na kwamba mtunzaji huyo amefukuzwa kazi na atakabidhiwa kwa polisi. Chini paliachwa nafasi ya saini ya mtaalamu wa maabara.

"Dada, saini hapa," alimwambia Hadubini kwa sauti ya chini. "Wale pale nje wanataka mtu. Tusipowapa mtu watachukua jengo zima. Ukishasaini, kamchome huyo panya, tuyamalize."

Hadubini aliishika kalamu. Ni vigumu kulisema hili, lakini ukweli lazima usemwe: moyo wake ulionja utamu. Alimtazama Kanuni, yule aliyemnyima saa mbili, akamwona amesimama kama kuku aliyenyeshewa, na ndani yake kitu kikasema, leo ni leo.

Kabla wino haujagusa karatasi, simu ya mezani ikalia. Alikuwa daktari wa hospitali ya watoto alikolazwa yule binti, aliyekwisha kupata habari za mtego, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Nahitaji jibu moja," alisema daktari. "Panya huyo ni wenu au si wenu? Kama ni wenu, mtoto ana ile homa mnayoifanyia majaribio, na lazima nimpe dawa kali. Dawa hiyo inaweza kuua masikio yake, asisikie tena maisha yake yote. Kama ni panya wa kawaida, sindano za siku zote zitamtosha. Sitaki kubahatisha. Saa nane mchana nianze matibabu, hali yake hairuhusu kungoja zaidi ya hapo."

"Taarifa yenye saini itakufikia," mkurugenzi alijibu, akakata simu. Kisha akamgeukia Hadubini. "Umesikia. Kachome kwanza, urudi usaini."

Maabara ilikuwa mwisho wa ukumbi. Hadubini aliiweka ndoo mezani, akafunga mlango. Tanuri la kuchomea mizoga lilikuwa ukutani, na moto wake ulikwisha washwa. Alimshika panya kwa koleo. Hapo ndipo jicho lake, lililozoea kutazama panya kwa miaka tisa, lilipokwama.

Mkia ulikuwa mrefu mno.

Alimlaza panya juu ya meza, akachukua rula. Kutoka puani hadi mwanzo wa mkia, sentimita kumi na saba. Mkia wenyewe, ishirini na moja. Akapima tena, kisha mara ya tatu, na rula haikubadili maneno yake. Panya weupe wa vizimbani ni wanene, na mkia wao haufikii urefu wa mwili. Alilivuta sikio moja mbele kwa ncha ya koleo, nalo likafunika jicho lote. Masikio ya panya wa kituo ni mafupi, hayafiki huko. Tena kila mmoja wao ametobolewa tundu la alama sikioni. Masikio ya huyu yalikuwa mazima.

Huyu alikuwa panya wa darini, yule mweusimweusi anayepita juu ya kenchi za paa la kila ghala, ila alizaliwa bila rangi. Alikuwa na ualbino, ule ukosefu wa rangi unaoweza kumpata kiumbe wa aina yoyote, akazaliwa na wazazi wenye rangi yao kamili. Hadubini aliwahi kusoma habari zake. Porini ni nadra kuwaona, kwa sababu weupe huwaonyesha kwa bundi na paka kabla hawajakua. Ghala lenye giza na lisilo na paka lilikuwa limemficha huyu.

Aliketi. Alijua sasa, na hapakuwa na mwingine aliyejua. Tanuri lilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Dakika tano za moto, na mkia ule usingepimwa tena na mtu yeyote. Lakini yule mtoto? Akajibishana na nafsi yake: angeweza kumpigia daktari kwa siri, mtoto akapona, na Kanuni akaenda zake. Mawili yote yangewezekana. Wazo hilo lilimjia laini, likamkalia moyoni kama mgeni anayejua kiti chake. Akamchukua panya kwa mkono, akaelekea kwenye tanuri.

"Glavu."

Aligeuka. Mlango ulikuwa na kioo, na dirisha dogo la juu yake lilikuwa wazi. Kanuni alikuwa ameketishwa kwenye benchi la ukumbini, askari kando yake. Alikuwa akimtazama.

"Nimesema glavu," Kanuni alirudia. "Hushiki mzoga kwa mkono mtupu. Na ukimaliza kuchoma, andika kwenye daftari la mizoga, na saa uiandike. Kanuni ni kanuni."

Hadubini alitamani kumtupia ndoo. Mtu anaelekea jela, na bado anasumbukia glavu! Lakini hasira hiyo ilipokuwa inapanda, ikagonga mahali, ikasimama. Alimtazama tena yule mtu kwenye benchi. Mtu huyu alikataa kuvunja kanuni kwa ajili ya mama anayekata roho. Mtu huyu anayasimamia masharti ya glavu hata pingu zikiwa njiani. Ni kizimba gani ambacho angekiacha wazi?

Alimrudisha panya ndani ya ndoo. Akavaa glavu.

Simu ya maabara ilikuwa na vumbi. Alipiga hospitali, akamweleza daktari habari za mkia na masikio.

"Una uhakika?" daktari aliuliza.

"Nimepima mara tatu."

"Dada, naomba unielewe. Kwa simu siwezi kubadili matibabu. Niletee karatasi yenye saini yako na mhuri wa kituo kabla ya saa nane. Ikifika saa nane sina karatasi, naanza ile dawa kali."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Alirudi kwa mkurugenzi na ndoo mkononi, akayasema yote.

"Mkia?" mkurugenzi alisema. "Nitoke nje nikawaambie watu wale habari za mkia? Watasema tumekaa ndani tukatunga uongo. Sikugongei mhuri kwa ajili ya mkia."

"Nikikuletea kitu ambacho watakiona kwa macho yao?"

"Kitu gani?"

"Panya hazaliwi peke yake," alisema Hadubini. "Ana ndugu."

Akatoka nje. Lango lilipofunguliwa, umati ulimsogelea. Mbele kabisa alisimama mama wa mtoto, sindano ya kushonea magunia bado imechomekwa kwenye kanga yake, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Mama, panya huyu hakutoka kwetu," Hadubini alimwambia. "Nataka unionyeshe mahali mwanao alipolala."

"Mwanangu anaungua," mama alisema, "na nyinyi mnakuja kujisafisha."

"Kama nasema uongo nitakuwa mikononi mwenu huko ghalani, na hakuna askari atakayenifuata. Nimekuja peke yangu."

Jiwe moja lilidondoka, si kwa kutupwa, bali kwa mtu kuliachia. Mama alimtazama kwa muda, kisha akageuka akaanza kutembea, na umati ukamfuata.

Ghala lilikuwa refu na la giza, magunia yamepandana hadi karibu na bati. Msimamizi wa ghala, mzee mwenye unga kwenye nyusi, alileta ngazi huku akinung'unika kwamba safu ile ilikuwa imeinama tangu juzi na mtu mwenye akili hapandi. Hadubini aliazima kofia yake, akapanda. Kila gunia alilokanyaga lilizama kidogo, na chini yake alisikia punje zikichuruzika. Joto la bati lilimpiga utosini. Alipita kwa magoti kwenye ukingo wa safu, akifuata mavi ya panya na nyuzi za magunia zilizotafunwa. Kenchi ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, hamna. Gunia moja likateleza chini ya goti lake, likaanguka, likapasuka sakafuni kwa kishindo. Watu walirudi nyuma. Naye alibaki ameshikilia ubao kwa mikono miwili, moyo ukimwenda kama mashine ya kusaga.

"Shuka, dada!" msimamizi aliita. "Saa saba na dakika kumi sasa. Utatufia humu."

Hakushuka. Pale kenchi ilipokutana na ukuta aliona fundo la nyuzi na maganda, kubwa kama kichwa cha mtu. Alipolisogelea, panya mkubwa wa rangi ya moshi alimpita pembeni ya shavu, akatoweka. Hadubini alifumba macho, akapumua, akaingiza mkono wenye glavu ndani ya fundo.

Alishuka akiwa ameikumbatia kofia ya msimamizi kama mtu aliyebeba mayai. Akapiga magoti mlangoni penye mwanga, na watu wakainama. Ndani ya kofia vilijikunja vitoto saba vya panya, manyoya yameanza kuota. Vitano vilikuwa vya rangi ya moshi. Viwili vilikuwa vyeupe.

Mama wa mtoto alipiga magoti naye, akavitazama kwa karibu.

"Vimetoka tumbo moja?" aliuliza.

"Tumbo moja. Mama yao amenipita usoni sasa hivi, mweusimweusi kama panya yeyote unayemjua. Hawa wamezaliwa humu humu. Ni kukosa rangi tu, mama. Si ugonjwa, wala si mkosi. Aliyemuuma mwanao ni panya wa ghala, na homa yake ni ile inayoletwa na panya wa ghala. Dawa yake ipo, na si ile itakayoua masikio yake. Lakini lazima karatasi ifike kabla ya saa nane."

Mpakuzi mmoja nyuma akasema, "Mimi nilishawahi kuona kunguru mweupe, mkasema nimelewa."

"Siku hiyo ulikuwa umelewa kweli," mwenzake akamjibu, na kicheko kifupi kikapita, cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu asubuhi.

Waliporudi kituoni umati ule ule ndio uliomsindikiza Hadubini hadi mlango wa ofisi. Mkurugenzi alizitazama nyuso, akatazama kofia, akachana ile karatasi yake mwenyewe bila kuambiwa. Walinzi wawili wa ghala walipelekwa jengo la panya wakahesabu, huku Hadubini akiandika nyingine kwa mkono. Aliandika vipimo vya panya, aina yake na mahali pa kiota. Mwisho aliongeza mstari ambao daktari hakuuhitaji: kwamba vizimba vyote vya kituo vimehesabiwa upya mbele ya mashahidi wawili, panya mia tatu na arobaini wakakutwa kamili, na kwamba mtunzaji wao hana kosa lolote. Mhuri ukagongwa. Dereva wa kituo alimpakia mama wa mtoto pamoja na karatasi, wakaondoka mbio. Walifika hospitalini saa nane kasoro dakika sita, daktari akiwa amekwisha kuvuta ile dawa kali ndani ya bomba la sindano. Akaisoma karatasi, akaliweka bomba kando.

Kanuni aliachiwa jioni. Alipita maabara kuchukua funguo zake, akasimama mlangoni.

"Umeingiza panya wa nje bila fomu," alisema.

"Najua."

"Nitakuletea fomu." Alizigeuzageuza funguo. "Siku ile ya mama yako."

"Usiseme," Hadubini alimkatiza. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe."

"Sikuja kuomba," alisema Kanuni. Lakini hakuondoka mara moja. Alifuta miguu mlangoni, japo alikuwa anatoka, si anaingia, kisha akaenda zake.

Siku ya nane mshona magunia alikuja kituoni na binti yake mkononi, amekonda lakini anatembea, na kila alipoitwa kwa mnong'ono aligeuka. Walimkuta Hadubini ukumbini. Kanuni alikuwa akipita na ndoo ya chakula cha panya, hakumsalimia mtu. Mama alimfuata kwa macho.

"Yule ndiye uliyemtetea?"

"Ndiye."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Rafiki, basi?"

"Mama, yule simpendi hata chembe," Hadubini alisema, "na siku ile nilikuwa na moto mbele yangu: ningemchoma yule panya, hakuna ambaye angejua."

Mama alimshika mkono, akaubana. Kwa nini aongeze neno, na wahenga walikwisha kutoa hukumu? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.